Programu za wanafunzi wangu hutoa jibu sahihi lakini hazisomeki: nianzie wapi?

Swali: Mwalimu wa Kakamega

Hamjambo wenzangu. Ninafundisha utayarishaji wa programu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa stashahada katika chuo cha kiufundi hapa Kakamega, na lugha tunayoitumia ni Python. Wengi wao hawakusoma somo la kompyuta katika shule ya upili, na wapo waliogusa kibodi kwa mara ya kwanza walipojiunga nasi, kwa hivyo sina lalamiko lolote kuhusu bidii yao. Kufikia mwisho wa muhula wa kwanza karibu kila mmoja huweza kuandika programu inayopokea data, kuikokotoa na kuonyesha jibu lililo sahihi. Kinachonisumbua ni hali ya msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu.

Chukueni zoezi nililowapa majuzi. Mkulima huleta maziwa katika chama cha ushirika asubuhi na jioni, hulipwa kwa lita, kisha hukatwa pesa za hisa na za chakula cha ng'ombe alichochukua kwa mkopo. Sehemu ya kwanza ilikuwa kuonyesha malipo ya kila siku kwa wiki nzima kabla ya makato, na jumla yake mwishoni. Hivi ndivyo ilivyoanza kazi moja ambayo jibu lake lilikuwa sahihi kabisa:

```
a = float(input("Asubuhi: "))
b = float(input("Jioni: "))
c = (a + b) * 50
print("Jumatatu", c)
a1 = float(input("Asubuhi: "))
b1 = float(input("Jioni: "))
c1 = (a1 + b1) * 50
print("Jumanne", c1)
```

Iliendelea vivyo hivyo hadi Jumapili. Bei ya lita, shilingi 50, imeandikwa kama tarakimu tupu katika kila siku na tena katika mstari wa jumla, yaani mara nane. Hakuna hata funksheni moja (fungu la msimbo lenye jina, linaloweza kutumiwa tena na tena) ingawa tulikuwa tumezisoma. Juu ya mstari wa tatu mwanafunzi alikuwa ameweka maelezo yasemayo "jumlisha a na b kisha zidisha kwa 50", jambo ambalo mstari wenyewe unalisema tayari. Mwenzake alizungushia programu yote `try` na `except`, amri za kushika makosa programu inapoendeshwa, bila kutaja aina ya kosa, hata ikawa programu haikwami kamwe, ikiwa ni pamoja na pale inapopaswa kukwama, na anayeitumia hana njia ya kujua kwamba kiasi alichoandika vibaya hakikuhesabiwa.

Nimeeleza darasani umuhimu wa majina yanayoeleweka na wa funksheni fupi. Wananisikiliza kwa adabu, wananakili kwenye madaftari, kisha zoezi linalofuata linakuja na a, b na c kama kawaida. Nikiwakata alama huona ninawaonea, kwa kuwa jibu ni sahihi. Naomba walio na uzoefu wanieleze ubora wa msimbo hufundishwaje kwa anayeanza, hadi yeye mwenyewe aujali. Mzingatie pia mazingira yetu: wanafunzi wawili kwa kompyuta moja, intaneti ya kusuasua, na wengine humalizia kazi zao kwenye simu wakiwa nyumbani.

Jibu la kwanza: Mtunzi wa Programu, Kisumu

Mwalimu, asante kwa kuliweka swali pamoja na msimbo wenyewe, maana bila mfano tungeishia kushauriana kwa maneno makubwa. Mimi hutunga programu kwa riziki yangu hapa Kisumu, na kila mwaka hupokea vijana wa mafunzo ya kazini kutoka vyuo mbalimbali vya eneo hili. Huja wakiandika hivyo hivyo unavyoeleza, na nimeshawishika kwamba sababu haiko kwao bali iko katika aina ya kazi tunazowapa.

Hebu tuangalie zoezi lako kwa macho ya mwanafunzi. Programu itaandikwa mara moja, itaendeshwa na yeye mwenyewe mara chache, itasahihishwa, kisha haitafunguliwa tena maisha yake yote. Kwa programu ya namna hiyo, `a` na `b` ni majina mazuri tu: ni mafupi, na anakumbuka maana yake kwa saa mbili anazozihitaji. Faida zote za jina zuri, za funksheni fupi na za kuandika bei mahali pamoja hujitokeza siku ambayo mtu analazimika kuirudia programu ili aibadilishe. Siku hiyo haipo katika kozi zetu, na ndiyo maana mahubiri yetu hayana pa kushika. Kwa hivyo ushauri wangu ni mmoja: ilete siku hiyo darasani.

Usiwape zoezi jipya wiki ijayo. Warudishie hilo hilo la maziwa na uwaambie kwamba bei imepanda kutoka shilingi 50 hadi 52. Usiwaonye mapema. Yule aliyeiandika bei mara nane atalazimika kuitafuta mara nane, na katika darasa zima watakuwapo waliobadilisha siku saba wakausahau mstari wa jumla. Mkulima aliyeleta lita 10 kila siku ataonyeshwa shilingi 520 kwa kila siku, ambazo kwa siku saba ni 3,640, huku jumla chini yake ikisoma 3,500. Mwache mwanafunzi aitazame tofauti hiyo ya shilingi 140, na umwombe amweleze mkulima zilikokwenda. Hapo ndipo atakapoelewa kwa nini bei inastahili jina na mahali pamoja pa kukaa, na wala hutahitaji kumshurutisha.

Kisha ongeza badiliko la pili, ambalo ni gumu kidogo: bei mpya inaanza kutumika Alhamisi, katikati ya wiki. Sasa hata yule aliyeweka bei mahali pamoja juu ya faili ataona kwamba haitoshi, kwa kuwa siku mbili za wiki ile ile zina bei tofauti. Hapa funksheni inakuja ikiwa na kazi ya kufanya:

```
def malipo_ya_siku(lita_asubuhi, lita_jioni, bei_kwa_lita):
    jumla_ya_lita = lita_asubuhi + lita_jioni
    return jumla_ya_lita * bei_kwa_lita
```

Angalia kwamba funksheni hii haiulizi chochote kwa `input` wala haionyeshi chochote kwa `print`. Inapokea tarakimu na kurudisha tarakimu, basi. Wanaoanza huchanganya kuuliza, kukokotoa na kuonyesha katika fungu moja la mistari, na ukiwatenganishia mambo hayo matatu utakuwa umewatatulia zaidi ya nusu ya matatizo yao, kwa sababu kipande kinachokokotoa peke yake kinaweza kujaribiwa, kutumiwa tena na kuhamishiwa programu nyingine bila kuguswa.

Badiliko la tatu walifanye kwenye msimbo wa mwenzao. Wabadilishane faili, na sharti liwe kwamba mwenye msimbo hasemi neno. Msomaji asome kwa sauti, aeleze kila fungu linafanya nini, na kila anapokwama aweke alama. Mwandishi aliyekaa kimya akimsikiliza mwenzake anakisia maana ya `c1` hujifunza kuhusu majina kuliko katika mihadhara yote. Utaratibu wa wenzako kuusoma msimbo wako si mpya. Michael Fagan aliueleza kama ukaguzi rasmi wenye hatua na majukumu mwaka 1976, alipokuwa katika kampuni ya kompyuta ya IBM, na kampuni nyingi leo haziruhusu badiliko lolote kuingia katika programu kuu kabla mtu wa pili hajalisoma. Hali yenu ya wanafunzi wawili kwa kompyuta moja, ambayo umeitaja kama upungufu, inafaa sana hapa: mmoja aandike, wa pili asome na kuuliza, kisha wapokezane.

Kuhusu majina, mimi huwapa kanuni ya kwamba jina la kitu kinachotumika mbali na kilipozaliwa liwe refu na kamili, ilhali `i` ndani ya kitanzi (msimbo unaojirudia) cha mistari miwili haina ubaya. Wakiandika majina kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, yote ni sawa kwa Python, mradi programu moja isikiite kitu kile kile `jumla` hapa na `total` pale.

Na kuhusu maelezo ndani ya msimbo, waombe waandike tu kile ambacho msimbo hauwezi kukisema. "Hisa hazikatwi wiki ambayo mkulima hakuleta maziwa" ni maelezo yenye thamani, kwa kuwa hiyo ni kanuni ya chama na hakuna atakayeikisia kutokana na mstari wenye `if`. Maelezo yanayorudia mstari ni mabaya kuliko kutokuwapo, kwa sababu bei ikibadilika kuwa 52 maelezo hubaki yakisema 50.

Jibu la pili: Mhadhiri, Nakuru

Ninakubaliana na ndugu wa Kisumu kuhusu mabadiliko, nami nitaongeza upande wa zana, kwa sababu zipo kazi ambazo mwalimu hapaswi kuzifanya kwa kalamu nyekundu.

Programu zinazokagua programu nyingine zina umri mkubwa. Stephen Johnson alitunga ile iitwayo lint mwaka 1978 katika maabara ya utafiti ya Bell Labs, kwa ajili ya lugha ya C, na tangu hapo karibu kila lugha imepata ya kwake. Kwa Python ninatumia mbili. Ya kwanza ni Black, iliyotolewa mwaka 2018, ambayo huupanga upya msimbo: nafasi, mistari mitupu, mabano na urefu wa mistari, bila kubadilisha kinachotendeka. Niliiingiza darasani tangu wiki ya kwanza na tukaacha kabisa kubishana kuhusu nafasi. Mwanafunzi akihifadhi kazi yake, inajipanga. Muda niliokuwa nikiutumia kusahihisha mambo hayo sasa ninautumia kusoma mantiki. Ujue tu kwamba mwongozo rasmi wa mtindo wa Python, PEP 8 wa mwaka 2001, unataka mstari usizidi herufi 79, ilhali Black isiporekebishwa huruhusu 88. Chagua idadi moja uitangaze, la sivyo watakuja kukuuliza ni ipi iliyo sahihi kila wiki.

Ya pili ni Pylint, na hii inahitaji uangalifu. Hutoa orodha ya maonyo na mwishoni hutoa alama kwa kumi. Ukiiachia kama ilivyo, anayeanza atapokea maonyo mengi asiyoyaelewa kwa programu ya mistari ishirini, na atakachofanya ni kuifukuzia ile kumi. Nimeona wanafunzi wakijaza maelezo matupu juu ya kila funksheni kwa sababu zana ililalamika kwamba hayapo, na zana ikaridhika, ilhali msimbo haukuboreka hata chembe. Inaweza kukuambia kwamba jina limeandikwa kwa umbo lisilofaa. Haiwezi kukuambia kwamba kigeu (jina linalobeba thamani) kinachoitwa `lita_jioni` ndani yake kimewekwa shilingi. Kwa hivyo ninawazimia karibu maonyo yote na kubakiza machache: kigeu kilichoundwa kisha hakikutumiwa, jina lililotumiwa kabla ya kuundwa, na hiyo `except` tupu uliyoitaja.

Hiyo ya mwisho nimekuwa nikiifundisha kwa vitendo. Andika kitanzi kinachouliza idadi ya lita bila kikomo, ukizungushie `except` tupu ndani yake, kiendeshe, kisha jaribu kukisimamisha kwa Ctrl-C. Hakisimami, kwa sababu `except` isiyotaja aina ya kosa humeza hata amri ya mtumiaji ya kusimamisha programu. Ukibadilisha ukaandika `except ValueError`, herufi zilizoandikwa mahali pa tarakimu zitashikwa na Ctrl-C itafanya kazi yake. Baada ya onyesho hilo hakuna anayeniuliza kwa nini.

Kuhusu intaneti ya kusuasua, zana hizi hazihitaji mtandao zikishasakinishwa. Mahali penye mtandao mzuri tumia `pip`, kisakinishi cha zana za Python, kwa amri ya `pip download black pylint` na faili zote zinazohitajika zitaingia katika folda moja. Zinakilie kwenye diski mweko, kisha katika kila kompyuta ya maabara tumia `pip install --no-index --find-links` ukifuatisha na njia ya folda hiyo na majina ya zana. Hakikisha tu kwamba toleo la Python na mfumo endeshi ni sawa na wa kompyuta uliyopakulia, kwa kuwa baadhi ya vipande hutengenezwa kwa toleo mahususi.

Jibu la tatu: Mwalimu wa Sekondari, Bungoma

Naomba ruhusa nitofautiane kidogo na walionitangulia. Ninafundisha vijana wadogo kuliko wa kwenu, na hofu yangu ni kwamba tunaweza kumtwika anayeanza mzigo wa mambo mengi kwa wakati mmoja. Mtu ambaye bado anapambana kuelewa kwamba `=` ni kuweka thamani na `==` ni kulinganisha, ukimwongezea kanuni za majina, urefu wa mistari, ukaguzi wa zana na usomaji wa wenzake, atajifunza kwanza kuogopa. Nimeona wanafunzi wenye kipaji wakifuta msimbo uliokuwa unafanya kazi kwa sababu waliona aibu kuuonyesha. Katika majuma ya mwanzo, mimi humpongeza kwa jibu sahihi na kunyamazia mengine.

Ninachofanya ninapoona wako tayari ni kuwapa msimbo niliouandika mimi, unaofanya kazi lakini umeandikwa vibaya kwa makusudi, nao wauboreshe. Kuboresha kilichopo ni kazi ndogo kuliko kuanza na ukurasa mtupu, kwa kuwa tatizo limeshatatuliwa na akili yote ya mwanafunzi inaweza kuelekea kwenye umbo. Tena haumwumizi mtu, maana anayekosolewa ni mwalimu. Mfano wa Mwalimu wa Kakamega ungenifaa kama ulivyo, mradi usijulikane ni wa nani.

Lakini kuna sharti moja ambalo silegezi: kabla ya kugusa chochote, waandike majaribio. Si lazima yawe ya hali ya juu. Kwa ile funksheni ya malipo, mistari mitatu ya `assert`, amri inayolalamika jibu lisipolingana, inatosha:

```
assert malipo_ya_siku(6, 4, 50) == 500
assert malipo_ya_siku(6, 4, 52) == 520
assert malipo_ya_siku(0, 0, 50) == 0
```

Huwakumbusha kwamba majibu ya upande wa kulia wayakokotoe kwa kalamu, wasiyanakili kutoka kwenye programu yenyewe, la sivyo jaribio litathibitisha tu kwamba programu inakubaliana na nafsi yake. Kila wanapobadilisha jina au kuhamisha mistari wanaendesha tena. Ikinyamaza, wanaendelea, ikilalamika, wanajua ni badiliko lile la mwisho lililoharibu. Ninaamini kwamba woga wa kuharibu ndio unaomfanya anayeanza kunakili fungu la Jumatatu mara saba badala ya kuligeuza kuwa kitanzi. Fungu la Jumatatu linafanya kazi, na hataki kuligusa. Mpe namna ya kujua papo hapo kwamba hajaharibu, naye ataligusa.

Jibu la nne: Mfanyakazi wa Sacco, Nakuru

Walimu wangu, mimi nilikuwa mwanafunzi si zamani sana, na sasa ninatunza programu za hesabu za wanachama katika Sacco, chama cha akiba na mikopo. Nitasema machache.

Naunga mkono kwa dhati jambo la kurudia programu yako mwenyewe, hasa ikiwa muda umepita. Tulikuwa na mwalimu aliyetupa zoezi kabla ya likizo ndefu na kutuambia tuliongeze kipengele tuliporudi. Darasa zima lilikuwa likisoma misimbo yake kana kwamba iliandikwa na wageni. Tangu siku hiyo majina yetu yalibadilika bila kuambiwa.

La pili ni kuhusu pesa. Msimbo ule unatumia `float`, aina ya namba zenye desimali, na kwa maziwa yaliyopimwa kwa lita ni sawa, lakini shilingi zisifanywe hivyo. Waandikie `0.1 + 0.2` mbele yao na waone Python ikijibu 0.30000000000000004, kisha waelezwe kwamba kompyuta huhifadhi sehemu hizo kwa namba za mfumo wa sifuri na moja ambazo haziwezi kuiwakilisha moja ya kumi kikamilifu. Kazini tunahifadhi kiasi kwa senti, katika namba nzima, na pale panapobaki sehemu ya senti tunakadiria mahali pamoja tu, ndani ya funksheni moja yenye jina linalosema hivyo. Mtu akikadiria huku na mwenzake akikadiria kule, mwisho wa mwaka vitabu havilingani, na mwanachama aliyekuja dirishani na taarifa yake mkononi anastahili maelezo. Kwangu mimi hilo nalo ni suala la ubora wa msimbo, kwa kuwa kosa lenyewe hutokana na kanuni moja kuandikwa mahali pengi.

Mwuliza swali: Mwalimu wa Kakamega

Wenzangu, nawashukuru kwa moyo wote. Nimeamua kuanza na badiliko la bei kwenye zoezi lile lile la maziwa, na kabla yake kuwapa majaribio matatu ya Mwalimu wa Bungoma, ili wote waanze wakiwa na kitu cha kuwalinda. Ukaguzi wa zana nitauacha hadi muhula wa pili, isipokuwa Black, ambayo naona haimtwiki mtu mzigo.

Bado nina mambo mawili. La kwanza ni alama: nitatoaje alama za ubora bila kuonekana ninafuata ladha yangu? La pili linanitia wasiwasi zaidi. Baadhi yao wameanza kuleta msimbo ulioandikwa na programu za akili unde. Msimbo huo una majina mazuri, funksheni fupi na maelezo nadhifu, kiasi kwamba nikipima ubora kwa kuutazama tu, wao ndio watakaopata alama za juu kuliko yule aliyetoka jasho na `a` na `b` zake.

Jibu la tano: Mtunzi wa Programu, Kisumu

Mwalimu, maswali yako mawili yana dawa moja. Usitoe alama kwa sura ya msimbo. Toa alama kwa jinsi mwenye msimbo anavyoweza kuubadilisha mbele yako.

Gawa alama za zoezi nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza ni ya programu kama ilivyoombwa, nayo inapimwa kwa majaribio, kwa hivyo hakuna ladha ndani yake. Nusu ya pili ni ya badiliko linalotangazwa katika kipindi cha maabara, lifanywe papo hapo, bila intaneti na bila simu, kwa muda unaojulikana. Mwombe kila mmoja aseme kwanza, kabla ya kugusa kibodi, ni mistari ipi atakayoibadilisha na kwa nini. Aliyeandika kwa mpangilio atakuonyesha mahali pamoja au pawili. Aliyenakili fungu mara saba atakuonyesha faili nzima, na ataiona tofauti yeye mwenyewe bila wewe kusema lolote kuhusu mtindo. Yule aliyeletewa msimbo na akili unde, ikiwa aliusoma na kuuelewa, atalifanya badiliko vizuri, na sioni sababu ya kumnyima alama. Ikiwa hakuuelewa, hatajua funksheni ipi inahusika, na majina yote yale mazuri hayatamsaidia.

Ukitaka ushahidi unaoweza kuurejea wakati wa kusahihisha, wafundishe matumizi madogo ya Git, programu ya kutunza historia ya matoleo ya msimbo. Linus Torvalds aliianza mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya mfumo endeshi wa Linux, na haihitaji mtandao kufanya kazi ndani ya kompyuta moja. Wanahitaji amri tatu tu kwa sasa: `git init` ya kuanzisha, `git add` na `git commit` za kuhifadhi hatua. Wahifadhi toleo la kwanza kabla ya badiliko na la pili baada yake, kisha wewe uangalie `git diff` kati ya hayo mawili, ambayo itakuonyesha kila mstari ulioondolewa na ulioongezwa. Mwanafunzi akija kulalamika kuhusu alama, fungueni mlinganisho huo pamoja na msome.

Jambo moja la kutahadhari: usihesabu mistari iliyobadilika na kuigeuza kuwa alama moja kwa moja. Kuna mwanafunzi atakayeamua, kwa busara kabisa, kutumia nafasi hiyo kuvunja fungu lake refu kuwa funksheni mbili kabla ya kuingiza bei mpya, na mlinganisho wake utakuwa mrefu kuliko wa wenzake. Huyo mwombe ahifadhi hatua mbili tofauti, kwanza ya kupanga upya majaribio yakiwa bado yanapita, kisha ya bei mpya, ili umwone alichofanya na umpe haki yake.

Na kwa wale wanaomalizia kazi kwenye simu, waruhusu waendelee hivyo kwa nusu ya kwanza. Nusu ya pili iwe maabara kwa wote, na stima ikipotea katikati ya kipindi, badiliko lenyewe libadilishwe kabla ya kipindi kitakachofuata, kwa sababu la kwanza litakuwa limeshazungumzwa bwenini usiku kucha.